Tisa za Robyn

Shule ya Sekondari ya Langholme
13 Novemba 2017

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho,

Kama mlivyosikia, serikali imebadilisha mtihani wa kumaliza sekondari. Herufi tulizozizoea, A mpaka G, zinaondoka, na mahali pake zinaingia namba, tisa mpaka moja. Zile kazi za mwaka ambazo zamani ziliongezwa kwenye alama zimefutwa karibu zote. Sasa kila kitu kitaamuliwa Mei na Juni, ndani ya chumba cha mtihani. Maswali yatakuwa marefu zaidi, na hesabu zimeongezewa mada ambazo zamani zilisubiri kidato cha tano.

Mtakuta humu makadirio ya walimu kuhusu mtoto wenu. Haya si matokeo, ni kile tunachotarajia akiendelea hivi alivyo. Kikao cha wazazi ni Alhamisi tarehe 23 jioni, ukumbini. Mwenye swali aulize bila kusita. Chai na keki zitakuwepo.

Wenu,
Gwen Heslop
Naibu Mwalimu Mkuu

*

Shamba la Birk Rigg
Jumapili, 19 Novemba 2017

Mwalimu Heslop,

Barua yako imefika. Kwa keki nashukuru, lakini Alhamisi siji. Kondoo dume wameingia kazini kwa majike wiki hii, na wao hawasubiri kikao. Kompyuta ni ya Robyn, mimi na ile mashine hatuelewani, kwa hiyo utanivumilia na karatasi. Mwandiko nao usiutazame sana. Jikoni kuna baridi.

Umesema mwenye swali aulize. Mimi sina swali, namba nazijua. Nimesoma hapo hapo Langholme kabla wewe hujazaliwa, na mwaka 1968 nilipata moja ya hesabu. Moja, mwalimu! Bonde zima tuliipata wawili tu. Mke wangu Edna, Mungu amrehemu, alikitia cheti kwenye fremu, na kipo juu ya jiko mpaka leo. Kimeingia moshi lakini moja inasomeka.

Sasa nimeyaona ya mjukuu wangu. Hesabu tisa. Baiolojia tisa. Kemia nane. Kiingereza saba. Nilisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Haya, ndivyo alivyojaliwa. Sikumgombeza. Nilimwambia tu, "Robyn, mbona hivi?" Akajibu, "Basi tena babu, vitabu na mimi havipatani." Akaenda kulisha mbwa.

Kwa hiyo ile nafasi ya kidato cha tano mliyomtafutia kwenye chuo cha Durham mpeni mwenye kichwa chake. Nimeshaongea na jirani yangu Tallentire, yule wa mnada wa mifugo. Atamchukua Julai, na siku moja kwa wiki atakwenda darasani kama sheria inavyotaka. Ni kazi ya heshima. Mimi tangu nipate akili sijakwenda mnadani bila shati la vifungo na tai. Mwanamume anayekwenda mnadani na fulana ya kupitishia kichwani, bora abaki kitandani.

Asanteni kwa kuhangaika naye. Najua mmejitahidi.

Wilf Peart

*

Langholme
27 Novemba 2017

Bwana Peart,

Nimeisoma barua yako mara mbili, nikidhani nimesoma vibaya.

Nimefundisha miaka kumi na minane. Makadirio kama ya Robyn nimeyaona mara chache sana. Halafu wewe unaniambia anakwenda mnadani? Mtoto huyu ananiambia kila mwaka kwamba anataka kuwa daktari wa mifugo. Nilidhani wakati wa kumwambia msichana kwamba kazi yake ni zizini umekwisha kwenye bonde hili.

Naelewa kwamba uko peke yako na shamba linataka mikono. Lakini nakusihi, mzigo huo usimtwishe yeye.

Gwen Heslop

*

Birk Rigg
Jumapili, 10 Desemba 2017

Mwalimu,

Kumbe makadirio kama haya umeyaona mara chache. Asante sana kwa kunikumbusha. Kwetu huku mtu akianguka anainuliwa, hakanyagwi.

Hayo ya wasichana usiniletee mimi. Shamba hili liliendeshwa na Edna. Mimi nilikuwa dereva wa trekta tu, na trekta lenyewe alilichagua yeye. Robyn nimekaa naye tangu darasa la kwanza, mama yake alipokwenda kuanza maisha mapya huko Kusini. Hakuna nisichoweza kumfanyia. Lakini daktari wa mifugo? Kwa tisa mbili? Mwalimu mzima unamdanganya mtoto kwa ndoto za namna hiyo, halafu kesho nani atamfuta machozi? Si wewe.

Angeleta moja, haki ya Mungu ningeuza kondoo wote na kumpeleka Durham mgongoni. Angeleta hata mbili, ningetafuta njia. Ameleta tisa. Mtu asiyejua kusoma kabisa angepata ngapi, kumi?

Mimi simlaumu, na nyinyi msimlaumu. Na tuache hapo.

W. Peart

*

Langholme
13 Desemba 2017

Bwana Peart,

Barua yako niliifungua jana nikiwa kwenye ngazi za ukumbi. Nilipofika pale kwenye "kumi" nikaketi chini, hapo hapo ngazini, na wanafunzi wakapita wakinitazama. Nisamehe. Nisamehe sana. Kosa ni langu tangu mwanzo.

Tisa ndiyo ya juu kabisa. Moja ndiyo ya chini.

Enzi yako moja ilikuwa kileleni, na sasa ngazi imegeuzwa. Waliogeuza wanasema wamehesabu kwenda juu ili siku watoto wakizidi kuwa hodari waongeze kumi bila kuzigusa zile za chini. Nne ni kufaulu, palipokuwa na C. Saba ni palipokuwa na A. Nane na tisa ziko juu ya hapo, na tisa wanaipata wachache mno. Niliposema nimeyaona mara chache nilikuwa namsifu mtoto wako, na wewe ukasikia matusi. Hata mimi ningesikia matusi.

Kwa hesabu za enzi yako, Bwana Peart, Robyn ameleta moja, na moja, na moja, na moja.

Niliandika ukurasa mzima kuhusu herufi na kazi za mwaka na mada mpya, nikasahau kusema ipi ni ya juu. Niliona haina haja ya kusemwa. Tangu jana nimepiga simu kwenye nyumba chache, na nimepata bibi wawili na baba mmoja waliokuwa wakiomboleza kimya kimya kama wewe. Leo nimewatumia wote barua ya mstari mmoja.

Ila kuna jambo linanikaa rohoni. Robyn anajua. Namba hizi nimewaeleza mimi mwenyewe, yeye akiwa kiti cha mbele. Mbona alikuacha uamini vile? Sijamuuliza. Hilo ni la nyumbani kwenu.

Chuo kinataka sahihi ya mlezi kabla ya tarehe 16 Machi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Fomu iko humu ndani. Kila siku kwenda na kurudi haiwezekani, nakubali, lakini chumba kimepatikana kwa mama mmoja karibu na chuo. Ninachosubiri ni sahihi yako tu.

Kwa heshima, na aibu,
Gwen Heslop

*

Langholme
12 Februari 2018

Bwana Peart,

Sijapata jibu. Robyn anasema uko salama, na kwamba posta ya huko juu ni ya kubahatisha, kwa hiyo naandika tena kwa kifupi. Tisa ni ya juu. Fomu nyingine hii hapa. Mwisho ni Machi 16.

Sitaki kumuuliza yeye mambo yaliyo kati yenu. Niandikie neno moja tu, ndiyo au hapana.

Gwen Heslop

*

Birk Rigg
Jumapili, 11 Machi 2018

Mwalimu Heslop,

Barua yako ya Desemba ilifika mapema tu. Ya Februari pia. Usinitafutie kisingizio kwenye theluji. Theluji imefunga barabara juzi juzi hapa, na mimi nimekuweka ukingoja tangu kabla ya Krismasi.

Nilinyamaza kwa sababu ilinifaa.

Nikueleze. Ile habari ya baridi jikoni ilikuwa uongo. Ni mikono. Inatetemeka, ya kulia zaidi, na daktari ameniambia jina lake ambalo sina haja ya kulirudia. Barua moja kama hii inanila Jumapili nzima. Chai nakunywa nusu kikombe, maana nusu nyingine huwa mezani. Na asubuhi Robyn ndiye anayenifunga vifungo vya shati. Anakuja, anafunga, anazungumza habari za kondoo, anakwenda kupanda basi la shule. Tumefanya hivyo tangu vuli ya mwaka juzi, na hakuna aliyewahi kulitaja.

Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu jikoni mpaka mbwa akaja kutazama. Nne! Moja nne! Nikasimama nikakiangalia cheti changu, nikasema Edna, umesikia? Halafu nikaketi, na furaha ikaanza kuniishia. Maana nilielewa kwa nini mtoto alininyamazia, na nilielewa pia kwamba nami nikinyamaza, atabaki. Hakuna atakayekuwa amemzuia. Namba zitakuwa zimemzuia. Nikaiweka barua yako nyuma ya saa ya mezani, nikamwacha mtoto aendelee kuniambia kwamba hana kichwa, na mimi nikaendelea kusema pole. Krismasi nzima, mwalimu! Tulikula bata mzinga tukiwa waongo wawili.

Jumanne iliyopita kondoo mmoja akazaa kabla ya wakati. Dume la Tallentire liliruka ukuta wangu mwezi wa kumi, na faida yake ndiyo hiyo. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, mguu mmoja nje na kichwa kimegeukia nyuma. Nilijaribu. Mkono wangu ulikataa kutulia, nikaona nitamuumiza mama. Robyn akavua koti, akasema, "Sogea babu. Mshike kichwa, na usinifundishe." Akamrudisha ndani, akasubiri uchungu upite, akamgeuza, akavuta. Huku kazi inaendelea ananieleza misuli ipi inakaza na ipi inalegea, na kwa nini usivute wakati mama hasukumi. Kondoo nimezalisha miaka hamsini. Nilijua lini nivute. Kwa nini, sikuwahi kujua. Mtoto akatoka mzima, akapiga chafya.

Nikamuuliza, "Hayo umeyatoa wapi?"

"Baiolojia."

"Ile uliyopata tisa?"

"Ndiyo hiyo hiyo." Akaniangalia, mikono yote damu. "Babu. Wewe unajua."

"Najua tangu Desemba."

"Na hukusema!"

"Wewe je, ulisema?"

Tukaketi kwenye majani makavu. Nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea aseme shamba, au kondoo, au mbwa. Akasema, "Nani atakufunga vifungo?" Basi.

Ndipo nikamsimulia jambo ambalo hata Edna nilimpa nusu tu. Mwaka ule wa 1968, baada ya ile moja, mwalimu mkuu alipanda mpaka huku kwa miguu kunitafutia nafasi ya chuo cha ufundi. Baba alimkuta langoni. Akamwambia kijana mwenyewe hataki. Mwalimu akashuka. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nanoa mkasi wa manyoya, sikujua kitu. Nilikuja kuambiwa na mwalimu huyo huyo siku ya kumzika baba, akidhani nakumbuka. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mgongo mbovu na kondoo mia mbili. Lakini tangu siku ile kila nikiitazama ile moja juu ya jiko naliona lile lango, na yeye amesimama hapo.

Nikamwambia Robyn, miezi mitatu hii na mimi nimesimama hapo hapo.

Akalia. Akasema haendi. Nikasema anakwenda. Akasema mimi ni mkaidi kuliko dume la Tallentire. Nikamwambia afadhali hilo dume, maana linaruka ukuta na yeye anakataa hata kupita mlangoni. Tumegombana siku tatu. Jana usiku akala chakula chake chote, akasema, "Haya. Lakini nikifeli nisisikie neno."

Fomu hii hapa. Sahihi imepinda, lakini ni yangu.

Wilf Peart

Uliniuliza ndiyo au hapana. Ni ndiyo.

*

Langholme
14 Machi 2018

Bwana Peart,

Fomu nimeipeleka chuoni leo kwa mkono wangu mwenyewe. Sikuiamini posta.

Sasa Robyn amebakiwa na mitihani. Mwambie tu kwamba hakuna alama iliyohifadhiwa pembeni ya kumwokoa, kila kitu ni Mei na Juni. Na nakuomba mitihani ikianza usimwamshe alfajiri kwa ajili ya kondoo.

Asante kwa barua yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua yoyote.

Gwen Heslop

*

Durham
Jumanne, 11 Septemba 2018

Babu,

Ningepiga simu, lakini wewe ukishika simu unasema "mzima, mzima, haya kwaheri" na kukata. Barua huwezi kuikata.

Chumba ni kidogo na dirisha linatazama ukuta wa matofali. Mama mwenye nyumba anaitwa Bi. Pattinson. Anapika viazi mpaka vinasahau kwamba vilikuwa viazi. Darasa la kemia tuko ishirini, na wengi wametoka shule ambazo zina maabara kubwa kuliko zizi letu. Siku ya kwanza kila mtu alikuwa anauliza, "Wewe ulipata ngapi?" Nikasema tisa tatu na sita ya Kiingereza. Msichana mmoja akasema, "Sita? Pole." Nikacheka mpaka akaniona nina wazimu. Angejua babu yangu alinipa pole kwa tisa.

Jana mwalimu wa baiolojia alichora mwanakondoo aliyekaa vibaya tumboni, akauliza nani anajua cha kufanya. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Aliniuliza nimefanya mara ngapi. Nikamwambia hiyo ya mguu mmoja nje, mara tatu. Darasa zima likageuka. Nimefurahi, babu. Najisikia vibaya kwa jinsi nilivyofurahi.

Maana kila asubuhi nikiamka nakuona. Tallentire anakusaidia kondoo, najua, ulisema. Lakini Tallentire hatafunga vifungo, na wewe hutamwomba, hata ukikaa na shati wazi mpaka saa sita. Ukivaa koti juu ili watu wasione, nitajua, kwa sababu nakujua.

Nimeangalia ratiba. Kuna basi la Ijumaa. Sema neno moja tu, nitapanda hilo basi na sitaondoka tena, na sitakulaumu hata siku moja. Mnada bado upo. Usinidanganye, babu. Mwaka huu tumeshadanganyana vya kutosha.

Mjukuu wako,
Robyn

*

Birk Rigg
Jumapili, 16 Septemba 2018

Mjukuu wangu,

Barua imefika Alhamisi. Ijumaa imepita na neno sikusema, kwa hiyo umeshajua.

Karatasi ya matokeo yako nimeitundika juu ya jiko, kando ya ile moja yangu. Zinatazamana. Jumatano Tallentire alikuja kunywa chai, akaiona, akaisogelea, akavua kofia. "Aisee, pole sana, Wilf," akasema. "Tisa tatu! Na mtoto mwenyewe alivyo mwepesi zizini. Sita yenyewe afadhali kidogo." Mimi nikatikisa kichwa kama mtu wa msiba. Nikamwacha anywe chai yote na keki mbili katika huzuni hiyo, ndipo nikamwambia. Usiniambie ni vibaya. Wewe ulinifanyia hivyo majira mazima ya baridi.

Yule mwanakondoo wako wa mguu mmoja sasa ni mnene, ana kiburi, na amejifunza kuruka ukuta. Damu ya baba yake. Simuuzi.

Umesema nisikudanganye. Basi sikiliza. Wiki ya kwanza nilikaa na shati wazi mpaka saa tano, na koti juu, kama ulivyosema. Jumatatu ya pili nilijitazama kwenye kioo, nikaona mzee mjinga. Nikashuka mjini, nikaingia dukani, nikanunua fulana nzito tatu za kupitishia kichwani. Za kijani. Hazina kifungo hata kimoja. Nazivaa mwenyewe, polepole, mkono wa kulia kwanza.

Alhamisi nikaenda na mojawapo mnadani. Bila tai. Watu wakanitazama, nami nikawatazama. Hakuna kilichoanguka, na kondoo waliuzwa bei ile ile.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi ukija, njoo ule, unieleze ile misuli tena, maana nimesahau ipi inakaza na ipi inalegea. Kufunga vifungo hakupo tena nyumba hii.

Babu yako,
Wilf